Fununu za kupunguzwa kazi: barua ya kuacha kazi isubiri

Umeuliza kama uache kazi mapema, kwa kuwa fununu zimezagaa kwamba kampuni yenu itapunguza watu na kazi kuhamishiwa nchi nyingine. Usiache. Anayejiuzulu kwa hiari mara nyingi hukosa malipo anayopewa aliyepunguzwa.

Maneno ya kwenye korido hayana uzito. Angalia kazi yenyewe. Umeambiwa uandike hatua kwa hatua jinsi unavyofunga hesabu za mwezi, kisha urekodi skrini kwa ajili ya "wenzetu wapya"? Nafasi zilizokuwa wazi zimefutwa kimyakimya? Hapo kuna jambo.

Wiki hii kusanya vilivyo vyako: mkataba, hati za mshahara za miezi 12, barua za kupandishwa cheo, idadi ya siku za likizo ulizobakiza. Viweke nyumbani, maana akaunti ya kazini inaweza kufungwa hata kabla kikao hakijaisha. Ila faili za wateja usijitumie kwenye barua pepe binafsi, hata moja. Watu huponzwa hapo: wanafukuzwa kwa utovu wa nidhamu na malipo yanaota mbawa.

Mkopo mpya, hapana. Akiba ifikie matumizi ya miezi 3, ikiwezekana 6.

Ukiitwa na kupewa makubaliano ya kuachishwa kazi, usiyatie saini siku hiyohiyo. Omba nakala, usome kipengele cha kuacha madai yote (yaani hutaidai kampuni chochote tena), tarehe bima inapokoma, na kama likizo imeingizwa kwenye hesabu. Kisha mpe wakili wa masuala ya ajira aipitie.