Baba yangu alifia ng'ambo akiwa mhandisi wa jeshi: tumkumbuke vipi?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Marehemu baba yangu alikuwa kapteni wa wahandisi katika jeshi letu, naye alifia ng'ambo mapema katika miaka ya 1990, akiwa katika kazi ya kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, mimi nikiwa bado nanyonya. Kila mwaka tunamsomea khitma, lakini wanangu wakiniuliza babu yao alikuwa akifanya nini hasa huko, sina la kuwaambia. Nasikia iko medali ya waliofariki katika kazi hiyo. Je, tumechelewa? Na kuna njia gani nyingine ya kumkumbuka?
Msomaji wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Hamjachelewa hata kidogo. Hiyo ni Medali ya Dag Hammarskjöld, yenye jina la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1961, akiwa safarini kutafuta suluhu ya vita vya Kongo. Baraza la Usalama liliianzisha mwaka 1997, lakini inawahusu wote waliokufa katika shughuli za kulinda amani tangu 1948, kwa hiyo aliyetangulia kabla haijakuwapo naye anastahiki. Ni kioo chenye umbo la yai, kilichochongwa jina la marehemu na tarehe ya kufa kwake. Iandikieni Wizara ya Ulinzi, mkiambatisha cheti cha kifo na namba yake ya jeshi, mwombe suala hilo lifikishwe kwa ubalozi wetu katika Umoja wa Mataifa, New York. Kila tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani, marehemu hawa hukumbukwa rasmi.

Swali la wanao, hata hivyo, ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu medali itawaambia kwamba babu yao alikufa, isiwaambie alivyoishi. Mhandisi wa jeshi mara nyingi hutangulia pale ambapo wengine hawajathubutu kukanyaga: hutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini, hurudisha daraja lililovunjwa, hufungua barabara ili chakula na dawa vipite, huchimba maji. René de Labarrière, afisa wa Kifaransa ambaye ndiye mlinda amani wa kwanza kuuawa, aliuawa na bomu lililofukiwa ardhini huko Palestina mwaka 1948. Watafuteni wastaafu waliohudumu pamoja na baba yako, muwaulize alijenga nini, wapi, na alikuwa mtu wa namna gani kwa askari wake, kisha muyaandike au muwarekodi sauti. Jambo hili lisingoje medali, maana wenzake nao ni wazee sasa.

Khitma iendelee. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika ila sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema wa kumwombea, na kwa mtu wa kazi yake naona sadaka ya maji inafaa kuliko jiwe la kumbukumbu. Mkijaaliwa kuchimba kisima kwa jina lake, maji yapimwe chumvi kwanza, kwani visima vingi vya mjini kwetu havinyweki, na pengine tangi la kuvunia maji ya mvua shuleni au msikitini likawafaa watu zaidi.