Jikoni na Shangazi: Soda ya ubuyu imegoma kutoa gesi

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba soda ya matunda inatengenezeka nyumbani, kwa hamira na chupa iliyofungwa vizuri. Mistari ile miwili imeniletea barua nyingi kuliko makala yangu yote ya futari. Nimechagua nne, na aliyeharibikiwa zaidi namweka mbele.

Shikamoo shangazi. Nilichemsha maji, nikakorogea ubuyu na sukari, nikatia hamira kijiko kimoja cha chakula ili gesi iwe nyingi, nikafunga kwenye dumu la lita tano. Siku ya pili gesi hakuna, na inanuka kama unga wa maandazi uliolala. Nimekosea wapi? Msomaji, Kongwa

Marahaba mwanangu. Kijiko cha chakula ni cha maandazi ya shughuli! Kwa lita mbili za juisi, robo ya kijiko cha chai inatosha. Hamira ni vidudu hai, vinakula sukari na kutoa gesi ileile inayoumua maandazi. Ukivijaza vinakupa na harufu yao juu. Halafu nahisi uliitia juisi ikiwa bado ya moto. Hujasema, lakini ulivyoandika naona sufuria inafuka mvuke. Hamira iliyokutana na moto imekufa, haitakula kitu. Na hata kama kidogo ilipona, dumu lako limeivujisha, maana vifuniko vya madumu mengi havibani gesi.

Rudia hivi. Chukua vikombe viwili vya ubuyu wa mbegu, ule mweupe wa mbuyuni, si ule mwekundu wa kutafuna. Loweka kwenye lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, umenye kwa mkono safi mpaka mbegu zibaki uchi. Chuja kwa chujio, kisha chuja tena kwa kitambaa. Hapo kwenye kuchuja usione uvivu. Ubuyu mzito ukijaa gesi unapanda wote kama maziwa yanayochemka, na siku ya kufungua utaosha dari. Uwe mwepesi kuliko unavyounywa siku zote. Maji ya kisima yenye chumvi, mnayajua wenyewe, yanaharibu ladha. Kama una ya mvua au ya kununua, tumia hayo.

Sukari kikombe kimoja, iyeyushe pembeni kwa glasi ya maji iwe shira, ipoe, changanya. Koroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Mimina vyote kwenye chupa ya plastiki ya soda ya lita mbili, ongeza maji ukipungukiwa, acha nafasi ya vidole vitatu juu, kaza kifuniko. Nasema chupa ya soda, siyo ya maji ya kunywa. Ya maji ni nyembamba, gesi ikija kitako chake kinavimba na chupa haisimami.

Sasa acha saa ukutani, tumia vidole. Minya chupa ubavuni. Mwanzoni inabonyea kama shavu la mtoto. Ikikataa kubonyea, ikawa ngumu kama iliyotoka dukani, iko tayari. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba naiweka alfajiri na jioni imekaza. Juni na Julai, usiku unapotutesa kwa baridi na upepo, nimewahi kungoja siku mbili. Ikikaza tu, ipeleke kwenye friji ilale humo. Wengi hapa wanaharakisha, wanafungua ikiwa ya vuguvugu, povu lote linaruka nje na wanabaki na maji matamu. Maji ya nyuzi 0 hubeba gesi hiyo karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo baridi ndiyo inayoishika. Fungua polepole, juu ya sinki.

Assalaam alaykum shangazi. Hiyo hamira si ndiyo inayotengeneza pombe? Nina watoto wadogo, sitaki kuwapa kitu chenye shaka. Mama wa watatu, Kondoa

Waalaykum salaam mdogo wangu. Ndiyo, ni kazi ileile. Hamira ikila sukari inatoa gesi na kilevi pamoja, haitoi kimoja bila kingine. Kwa soda ya siku moja iliyowahishwa kwenye friji kilevi hicho ni kidogo sana, kwa kawaida hakifiki nusu ya asilimia moja. Lakini ikisahauliwa wiki nzima kwenye joto kinapanda, na zabibu za mkoa wetu wa Dodoma zinageuka mvinyo kwa njia hiyohiyo. Kama kidogo hicho kinaruhusiwa au la, muulize sheikh wako. Mimi nilifundisha sayansikimu, sikufundisha dini.

Ila gesi yenyewe si pombe. Mwaka 1767, huko Leeds, Mwingereza Joseph Priestley alining'iniza maji juu ya mapipa ya kiwanda cha bia, gesi iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye mapipa ikaingia kwenye maji. Akapata maji yanayochemka ulimini, na bia imebaki chini kwenye pipa lake. Siku hizi viwanda vinasukuma gesi ndani ya maji kwa mashine, hamira haimo kabisa, na dukani unaomba tu "maji ya soda".

Basi wewe pika shira. Choya kavu (rozela) kikombe kimoja, maji vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, iliki tatu za kuponda. Ichemke dakika kumi, chuja, iache ipoe kabisa. Kwenye glasi tia shira sehemu moja, kisha maji ya soda yenye baridi sehemu tatu au nne, uyateremshe taratibu kwenye ukingo wa glasi. Usikoroge kama uji. Nikuambie ukweli, choya naipenda hivi kuliko ya hamira. Rangi yake inabaki ya kung'aa, na uchachu wake haugombani na kitu.

Shangazi, limau na bekingi soda vinatoa povu palepale. Hamira ya nini? Kijana, Mpwapwa

Povu lile linaishia hewani, mwanangu. Glasi iko wazi, gesi inakimbia, nawe unakunywa maji ya chumvi yenye ladha ya sabuni. Tena kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kina sodiamu zaidi ya gramu 1, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku nzima. Mwenye presha asiguse. Na dukani usije ukapewa magadi ya kutengenezea sabuni, yale yanaunguza koo.

Mbukwenyi mwalimu. Nina chupa tupu za kioo na mashine ya kubana visoda. Nataka kutia soda ya zabibu kwa ajili ya ubarikio wa mjukuu. Friji sina. Babu, Bahi

Mbukwenyi kaka. Chupa za kioo ziache.

Nilikuwa na akili kama yako. Mwezi Machi mmoja nilinunua sado ya zabibu za Hombolo, nikakamua, nikatia sukari na hamira kwa vipimo vya ubuyu, nikajaza chupa sita za kioo, nikazisukuma chini ya kitanda cha wageni kwa sababu ndipo palipokuwa na giza. Mgeni wa kitanda hicho alikuwa mama mkwe wangu. Saa nane usiku ikapasuka ya kwanza, ya pili ikaifuata. Tulimkuta mlangoni na mkoba wake begani, tayari kwa safari ya kwao. Hakuumia, Mungu ni mkubwa, lakini kipande cha kioo kilikuwa kimesimama kwenye mlango wa kabati kama kisu. Doa la zambarau bado liko ukutani, nimepaka rangi mara mbili.

Kosa lilikuwa langu. Zabibu iliyoiva ina sukari yake ya kutosha, na maganda yake yanakuja na hamira ya porini. Wewe changanya juisi nusu na maji nusu, usiongeze sukari hata punje, hamira ileile robo ya kijiko cha chai kwa lita mbili. Na iwe kwenye plastiki, maana kioo hakiminyiki kukuambia kimejaa.

Kuhusu friji, tuna upepo. Lowesha gunia, zungushia chupa zilizokwisha kukaza, ziweke kivulini upepo unapopita, na gunia lisikauke. Maji yakipaa yanaondoka na joto, kama kwenye mtungi. Hazitakuwa baridi ya friji, na hamira haitalala, kwa hiyo tengeneza alfajiri ya siku yenyewe, kiasi cha kuisha jioni hiyo. Chupa ikibaki wageni wameondoka, legeza kifuniko gesi itoke, kisha mpe mama wa nyumba akandie vitumbua vya asubuhi. Vitaumuka vizuri kabisa.