Gari la umeme na baridi ya ughaibuni

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anayeishi Oslo, Norwei, analalamika kuwa wakati wa theluji gari lake la umeme halifiki mbali kama lifikavyo majira ya joto. Je, betri imeharibika? Na huku Pemba nitapata taabu hiyo wakati wa kipupwe?
Msomaji, Wete

JIBU: Huenda betri ni nzima. Baridi kali hupunguza kasi ya kemia ya betri ya lithiamu, na hita ya kupasha joto ndani ya gari hula umeme wa betri hiyo hiyo, ilhali mwenye gari la petroli hupata joto la bure kutoka kwenye injini, ambayo kwa kweli hupoteza nishati nyingi mno. Kaka yako alipashe gari joto likiwa bado kwenye chaji, wala asishangae likichelewa kujaa, kwani kuichaji kwa kasi betri iliyoganda huidhuru, na gari lenyewe hulizuia hilo. Kipupwe chetu hakina athari ya kutajika. Jua ndilo litakalochakaza betri yako, hasa ikiachwa imejaa kabisa, kwa hiyo egesha kivulini. Kwa safari ya Chake Chake na kurudi, kwa kawaida kuichaji hadi asilimia 80 kunatosha.