Maswali na majibu: rangi bapa chini ya mistari ya wino

Maswali ya safari hii yametoka kwa wachoraji wa Mtwara na Lindi wanaochora kwa wino juu ya karatasi, kisha wakapaka rangi kwa kompyuta. Kwa rangi bapa nakusudia rangi moja iliyo sawasawa katika eneo zima, isiyo na kivuli wala mng'ao, inayowekwa kabla ya kazi nyingine yoyote ya rangi kuanza.

Nachora kitabu cha watoto kuhusu msimu wa korosho. Sina skana, hivyo michoro naipiga picha kwa simu. Nikimwaga rangi kwa ndoo, ile zana ya programu inayojaza eneo zima kwa mguso mmoja, karatasi inabaki na madoa ya kijivu. Nifanyeje? (Msomaji, Newala)

Tatizo lako limo katika picha, si katika rangi. Karatasi ambayo jicho linaiona nyeupe, kamera huiona ya kijivu upande mmoja na ya manjano upande mwingine, na ndoo ya rangi, ambayo hulinganisha kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, na ile uliyoigusa, hukwama kwenye kila doa. Piga picha barazani, kivulini, wakati wa mchana mweupe, karatasi ikiwa imelala vizuri na simu ikiwa sambamba nayo. Kisha, ndani ya programu, ondoa rangi zote ubakize weusi na weupe, ufungue sehemu ya viwango vya mwanga, na usogeze alama ya upande wa weupe hadi karatasi itakate, na ile ya upande wa weusi hadi wino ukolee, ukichunga mistari myembamba isiliwe. Hifadhi kwa faili la aina ya PNG, kwa sababu JPEG huacha vumbi la nukta kandokando ya mistari, na vumbi hilo litakusumbua mpaka mwisho.

Siku ukipata skana mjini, omba nukta 600 kwa inchi. Karatasi ya A4 itakupa pikseli 4960 kwa 7016, na mstari wako hautaonyesha vijino utakapochapishwa.

Mchoro ukishasafika, uweke katika tabaka lake la juu (matabaka ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu) na ulibadilishe tabaka hilo liwe katika hali ya maltiplai, yaani kuzidisha. Programu huhesabu nyeupe kuwa 1 na nyeusi kuwa 0: rangi yoyote ikizidishwa kwa 1 hubaki ilivyo, na ikizidishwa kwa 0 huwa nyeusi. Kwa hiyo weupe wa karatasi hutoweka, wino hubaki, nawe unapaka rangi katika tabaka la chini bila kuugusa wino hata mara moja.

Nikijaza rangi, kila umbo linabaki na uzi mweupe kati ya rangi na wino. Nimekuwa nikiuziba kwa brashi, mashua moja inanichukua jioni nzima. (Msomaji, Lindi mjini)

Nakuonea huruma kwa jioni hizo, maana kazi hiyo ina njia fupi. Ukiukuza mstari wa wino kwenye skrini utaona kwamba ukingo wake una ngazi kadhaa za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ndoo husimama inapokutana na kijivu, na kile kilichobaki nyuma yake ndicho uzi wako mweupe. Ongeza kiwango cha tofauti ambacho ndoo inakikubali, kisha iagize ipanue eneo kwa pikseli 2 au 3 kabla ya kujaza. Kwa mchoro wa nukta 600 huenda ukahitaji 4 au zaidi. Lengo ni rangi iingie chini ya wino mpaka katikati ya unene wa mstari. Pale ubavu wa mashua unapokutana na bahari, rangi zote mbili zikutane chini ya wino, mahali ambapo jicho haliwezi kuona zimegusana wapi.

Wachapaji wana sababu yao pia ya kutaka hivyo. Mtambo hupiga rangi kwa sahani nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, na sahani moja ikisogea kidogo tu, rangi iliyoishia penye ukingo wa wino itaacha mwanya wa karatasi tupu. Labda umewahi kushika kanga ambayo ua lake limetoka nje ya mstari wake. Ni kosa la namna hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi, ambalo nalisisitiza kuliko yote: zima ulainishaji wa kingo katika ndoo, katika kamba ya kuteulia (zana ya kuzungushia eneo unalotaka kulichagua) na katika brashi unayojazia. Ukingo wa rangi bapa unapaswa kuwa mkali, pikseli hii nyekundu na inayofuata ya buluu, bila rangi ya tatu katikati. Ukifanya hivyo, mwezi ujao ukitaka kubadilisha rangi ya tanga, utaligusa mara moja na litateuliwa lote, bila kuacha pindo la rangi ya zamani. Ukali huo hautaonekana kwenye kitabu, kwa kuwa wino umeufunika.

Nachora wachezaji wa sindimba. Mikunjo ya nguo ni mingi na mistari yangu haifungi, rangi inavuja ukurasa mzima. (Msomaji, Mikindani)

Usiifunge mistari kwa ajili ya kompyuta, kwani mstari ulioachwa wazi ndio unaofanya goti la mchezaji lionekane likienda. Krita, programu ya kuchorea ya bure, ina kinyago cha kupakia rangi: unachora mchirizi mfupi wa rangi ndani ya kila umbo, nayo inakadiria mipaka hata penye mwanya. GIMP, nayo ya bure, tangu toleo la 2.10.10 la mwaka 2019 ina ndoo inayotambua mistari ya wino na kuziba mianya midogo yenyewe. Hata hivyo, kwa mchoro wenye mikunjo mingi mimi hutumia kamba ya kuteulia, nikiizungusha kwa mkono katikati ya mstari. Anza na maumbo makubwa: jaza mwili mzima wa mchezaji kwa rangi moja, kisha kata nguo juu yake, kisha njuga.

Je, nichague rangi za mwisho tangu mwanzo? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Hapana. Rangi bapa kwanza ni ramani ya maeneo. Katika vitabu vya katuni vya Marekani, msanii anayepaka rangi mara nyingi humwajiri mtu mwingine afanye hatua hii peke yake, na rangi anazoziweka huweza kuwa za ovyo ilmradi zitofautiane. Maeneo yakishatengana, ndipo utafute bibo lipi liwe jekundu na lipi la njano. Geuza mchoro uwe wa kijivu kwa muda: ikiwa uso wa mama umepotea ndani ya mtandio wake, badilisha kimoja kiwe chepesi zaidi. Nakuomba pia usitumie kahawia moja kwa watu wote. Nimeona kurasa ambazo mama, mtoto na shina la mwembe wana rangi ile ile, na inaniuma, kwa sababu ukitazama foleni moja tu ya sokoni utahesabu ngozi za weusi wa namna nyingi.

Nina simu tu. Inawezekana? (Msomaji, Masasi)

Inawezekana. Programu za simu za ibis Paint na MediBang Paint zina matabaka, hali ya maltiplai na ndoo. Fanya kazi ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu kumbukumbu ya simu hujaa haraka na idadi ya matabaka hupungua kadiri ukurasa unavyokuwa mkubwa. Nakala ya wino pekee, kabla ya rangi, ihifadhi nje ya simu hiyo.