Jibu: Mwanangu amependa mazingaombwe, nimsaidieje?

Salaam dada. Umesema mwanao aliona mazingaombwe shuleni, sasa haachi sarafu, ila kila akiificha anakamatwa, nawe unahofia uchawi. Si uchawi, ni wepesi wa mikono. Nami nilinaswa hivyohivyo: mjomba alitoa sarafu nyuma ya sikio langu, usiku sikulala. Hata Robert-Houdin, mwanamazingaombwe maarufu wa Ufaransa aliyekuwa fundi saa, alisimulia kuwa alianza mazingaombwe baada ya muuza vitabu kumpa kimakosa vitabu vya viini macho badala ya vya saa.

Kwanza mwangalie macho. Huenda yanaufuata mkono wenye sarafu. Ayapeleke kwenye mkono mtupu, na vidole vya ule mwingine vilegee. Afanye mbele ya kioo, dakika 10 kila jioni. Tafadhali usimwambie aonyeshe wageni kabla hajawa tayari. Mimi nusura niache kwa sababu hiyo.