Baruti nyeusi na bunduki za zamani: majibu kwa wasomaji

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Kiswahili huita "risasi" madini yenyewe, kile kinachoruka, na ile nzima inayotiwa ndani ya bunduki. Hapa tutasema kichwa kwa kinachoruka, ganda kwa shaba inayobaki, na risasi nzima kwa vyote vikiwa pamoja. Fataki ni kile kidude cha kuwasha baruti kilicho kwenye kitako cha ganda, si yule mzee wa matangazo ya redio. Greni ni kipimo cha wapigaji: greni 15.4 ni gramu 1.

Mume wangu amenunua bunduki ya Kiingereza aina ya Martini-Henry, iliyogongwa mwaka 1886. Ilikuwa pambo la ukutani, sasa anataka kuipiga. Rafiki yake anasema atamtengenezea risasi kwa baruti ya kisasa, "kidogo tu". Nina wasiwasi. — Bi Z., Leeds

Wasiwasi wako ni wa haki, Bi Z. Hiyo "kidogo tu" ndiyo yenye hatari. Ganda la Martini ni pana kama kikombe, na baruti ya kisasa inayohitajika ndani yake ni chache mno. Mtu akijisahau akatia mara mbili, ganda halimwagiki wala halionyeshi dalili yoyote. Baruti nyeusi hujaza ganda, kwa hiyo kosa la namna hiyo linaonekana kwa macho. Tena chuma cha 1886 kilipimwa kwa baruti nyeusi na si kwa nyingine. Mwambie rafiki asihangaike.

Sheria nayo izingatiwe mapema. Huko Uingereza bunduki ya aina hiyo inaruhusiwa kukaa ukutani bila cheti maadamu ni kumbukumbu au pambo. Siku mumeo akinuia kuipiga, imeshatoka kwenye msamaha huo: ahitaji cheti cha silaha kutoka polisi, na cheti kingine cha kununua na kuweka baruti nyeusi. Vyote vipatikane kabla ya kununua hata gramu moja.

Kisha fundi wa bunduki aikague. Aangalie kama mtutu una uvimbe wa pete (pitisha kidole nje, tazama ndani kwa taa: kivuli cha duara ni ishara mbaya), kama mti umepasuka nyuma ya chuma, kama pini ya kupigia inarudi vizuri, na kama kibamba kinachofunga nyuma hakichezi. Pia apitishe kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu kwa kukigonga taratibu, akipime kikitoka. Hapa wengi hukosea. Bunduki inaitwa ya inchi 0.450, basi watu hununua vichwa vya inchi 0.458 vinavyouzwa kila mahali. Kipenyo cha mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu wa Martini mara nyingi hufika inchi 0.464 na zaidi, karibu milimita 11.8. Kichwa chembamba hakishiki mifereji, moto hukipita pembeni, na shabahani kinatua kwa ubavu. Ukiona tundu lenye umbo la ufunguo kwenye karatasi, usilaumu macho ya mpigaji.

Risasi ya jeshi ilikuwa na baruti greni 85, yaani gramu 5.5, na kichwa cha greni 480, karibu gramu 31, kilichochanganywa sehemu 12 za risasi kwa 1 ya bati na kuviringishiwa karatasi. Ganda la siku hizi lina nafasi kubwa kuliko lile la bati la shaba lililokunjwa la enzi hizo, hivyo greni 85 haziijazi. Nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa haitakiwi kabisa: ndiyo inayozaa ule uvimbe wa pete. Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Mimina baruti ya chembe za FFg (alama ya ukubwa wa chembe) polepole kupitia mrija mrefu ili ijipange, weka duara la kadi gumu juu yake, jaza pengo kwa usufi uliochambuliwa, kadi nyingine, kidonge chembamba cha nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu ya kondoo, kadi ya mwisho, ndipo kichwa. Kila kitu kiguse chenzake, na baruti ibanwe kidogo tu. Usufi usibanwe ukawa mgumu.

Risasi chache za kwanza zipigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye kiti cha mbao na kifyatuo kikivutwa kwa kamba kutoka nyuma ya kinga. Maganda yakitoka kwa shida au shingo ikipasuka, simama hapo.

Baada ya kila risasi mbili au tatu, pulizia pumzi ndefu ndani ya mtutu kutoka nyuma, kwa kipande cha mpira kilichochomekwa kwenye ganda tupu lililotobolewa kitako. Mvuke wa pumzi hulainisha masizi. Siku ya jua kali na hewa kavu pumzi haitoshi. Pitisha kitambaa chenye unyevu. Ukiyaacha masizi yakauke, risasi ya kumi haiingii tena, na mpigaji huanza kuisukuma kwa nguvu. Asifanye hivyo.

Nina Snider, bunduki ya zamani ya Kiingereza. Nilipiga risasi 15, nikasafisha kwa mafuta mazuri ya bunduki mpaka vitambaa vikatoka vyeupe. Wiki mbili baadaye ndani kumekuwa kwekundu kama udongo wa Iringa. — K.M., Toronto

Ndugu K.M., ulisafisha masizi, chumvi ukaiacha. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti (salfa). Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu, na sehemu kubwa ni chumvi za potasi zinazovuta unyevu hewani. Chumvi huyeyuka kwenye maji. Mafuta huipaka juu tu na kuifungia dhidi ya chuma, kama mtu anayetia varnishi juu ya kidonda.

Dawa ni maji, siku ileile, kabla ya chakula cha jioni. Ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo yanatosha. Yanayochemka hukausha haraka lakini huacha ukungu mwekundu papo hapo. Snider husafishwa kutoka mdomoni, basi ilaze mdomo ukiwa chini ili maji machafu yasitiririke kwenye kizibo cha nyuma na kuingia chini ya mti. Kitambaa cha maji, kingine, kingine, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Halafu vikavu vitatu au vinne. Ndipo mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa kimoja. Kikitoka na rangi ya chai, rudia yote. Keshokutwa pia.

Toa kizibo na pini yake, uvioshe pekee. Maganda yatolewe fataki na kutumbukizwa kwenye maji ya sabuni ukiwa bado kiwanjani, maana shaba nayo huliwa na kugeuka kijani.

Jambo moja hukulisema ila tunalihisi: usipige bunduki ikiwa na mafuta ya kulainishia yatokanayo na petroli ndani. Yakikutana na masizi ya baruti nyeusi hufanya kitu kama lami. Kausha mtutu kabla, na mafuta ya kulainishia kichwa yawe ya mnyama au mmea pamoja na nta.

Nina Springfield ya 1873, ile yenye mlango wa kuinua. Risasi za .45-70 ziko dukani. Kuna haja ya kusumbuka na baruti nyeusi? — Abuu, Minneapolis

Ipo. Jina .45-70 limebaki lilelile, nguvu imebadilika. Dukani kuna zile dhaifu zilizotengenezwa kwa kufikiria bunduki kama yako, na kuna nyingine za bunduki za kisasa zinazoweza kung'oa mlango huo. Maboksi yanafanana. Mtu akija na mkoba wa risasi zisizo na boksi, zikatae.

Namba yenyewe inakusomea kipimo: inchi 0.45, baruti greni 70. Kichwa cha awali kilikuwa greni 405. Wapanda farasi wenye bunduki fupi walipewa greni 55 kwa kichwa hichohicho, kwa sababu teke la 70 kwenye bunduki nyepesi lilikuwa adhabu. Bega lako likilalamika, anza na 55, lakini pengo lijazwe. Kwenye ganda hili lililonyooka unga wa mahindi wa chenga hufaa, ukilazwa juu ya kadi. Kichwa kiwe laini, sehemu 20 za risasi kwa 1 ya bati. Kigumu hakitanuki kujaza mifereji.

Na kopo la baruti lisikae wazi mezani pa kupigia. Cheche moja inatosha. Njoo na risasi zilizokwisha kujazwa nyumbani.

Babu aliacha Martini yenye taji, herufi V.R. na mwaka 1905. Huku Muscat tunaitoa kwenye sherehe. Ni salama kuipiga? — Seif

Malkia Victoria alifariki mwaka 1901, Sheikh Seif. Kiwanda cha serikali ya Uingereza hakikumgongea herufi zake miaka minne baadaye. Bunduki yako karibu kwa hakika ilifuliwa kwa mkono na mafundi wa mipakani mwa Afghanistan, ambao walikuwa hodari wa kunakili chuma kuliko maandishi. Tazama pia kama herufi N imegeuzwa. Muscat ilikuwa soko kubwa la silaha miaka ile, na nyingi ziliyoyoma kwenda upande huo; nyingine zikarudi hivyo.

Kazi ya mikono yao ni nzuri kutazama, lakini chuma hakikupitia kipimo chochote. Ibebeni kwenye sherehe, msiipige, hata kwa baruti tupu isiyo na kichwa.

Darasani tunasoma kwamba askari wa Wajerumani mwaka 1914 walikuwa na bunduki "za moshi". Kwa nini, na zilikuwa mbovu? — Mwalimu, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Kati ya makampuni 14 (yaani vikosi vya askari) ya jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, 6 tu ndiyo yaliyokuwa na bunduki mpya vita vilipoanza. Mengine yalibeba Mauser ya 1871, ya milimita 11, yenye baruti nyeusi gramu 5 na kichwa cha gramu 25. Haikuwa mbovu. Kichwa kile kizito kilimwangusha mtu kwa jeraha baya. Lakini ilitiwa risasi moja moja, na haina cha kulirusha ganda nje: unavuta komeo, unaiinamisha bunduki, ganda linadondoka. Zaidi ya hayo, kila mlio ulipandisha wingu jeupe, na adui akajua alenge wapi.

Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliacha bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Ndizo zilizoanza kuondoa moshi. Nyingine zikaja na meli Rubens iliyoingia Ghuba ya Manza mwezi Aprili 1915.

Tumekuta gobori darini kwa marehemu babu. Vijana wanataka kujaribu. — Mama Rehema, Tabora

Wazuie, Mama Rehema, na leo hii. Gobori lililosahauliwa huenda limeshindiliwa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki; ya miaka 100 huwaka kama ya jana. Watu wanaosema "hili ni gumegume tu", kwa maana ya kitu kisicho na kazi, wanachanganya dharau ya mtaani na jina la bunduki.

Mtu mzima mmoja aweza kulichunguza, mdomo ukielekea pasipo mtu wala ukuta wa jirani, na asisimame mbele yake. Kama kuna fataki juu ya chuchu (kijibomba cha nje kinachovikwa fataki, kwa kuwa gobori halina ganda), asiiguse. Kazi iishie hapo. Kama haipo, achukue ufito wa mti, si wa chuma, auteremshe polepole mpaka ukwame, auwekee alama usawa wa mdomo. Autoe, aulaze nje ya mtutu alama ikiwa mdomoni. Ncha ikifika usawa wa tundu la moto, ni tupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Asichokoe, asipashe moto, wala asiamini kwamba maji yameimaliza, kwa kuwa ikikauka inaweza kuwaka tena.

Kwa vyovyote vile, liwe tupu au limejaa, gobori ni silaha mbele ya sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015 na halikai nyumbani bila kibali. Msilibebe barabarani. Mwenyekiti wa mtaa apige simu kituoni, polisi waje wenyewe, na waambiwe mlipimaje na ufito uliishia wapi.