Imeyeyuka, imemumunyika, haimumunyiki

SWALI: Katika ripoti ya jaribio la kemia niliandika "sodiamu kloridi imeyeyuka", mwenzangu akaandika "imemumunyika". Kuhusu kalsiamu kaboneti, mimi nimeandika "haijamumunyika", yeye "haimumunyiki". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako, ingawa bado hajamaliza kazi.

Mitaani chumvi, ndiyo hiyo sodiamu kloridi, "huyeyuka" ndani ya maji na hakuna anayeshtuka. Kwenye ripoti, neno hilo liachie barafu na nta, vitu vinavyogeuka vimiminika kwa joto. Sodiamu kloridi huyeyuka ikifika nyuzi 801 za Selsiasi, na neli yako ya majaribio haikufika huko. Kilichotokea ni kumumunyika, neno lililotokana na kumumunya: pipi mdomoni hupungua kidogo kidogo, utamu ukaenea kwenye mate. Kutoka hapo tumepata mmumunyo (kimiminika chenye kitu kilichomumunyika ndani yake) na umumunyifu (uwezo wa kitu kumumunyika).

Penye utata zaidi ni ukanushi. "Haijamumunyika" ina -ja-, na -ja- humwachia msomaji matumaini: koroga tena, huenda ikamumunyika. "Haikumumunyika" yasema ulichokiona siku ile tu. "Haimumunyiki" ni hukumu juu ya tabia ya kampaundi yenyewe.

Hukumu hiyo isitolewe haraka. Tia gramu 3 za chumvi ya mezani katika mililita 5 za maji ya nyuzi 25, tikisa utakavyo, zaidi ya gramu moja itabaki chini, kwa sababu maji hayo hubeba takriban gramu 1.8 tu. Anayeandika hapo "haimumunyiki" kaisingizia chumvi. Aandike "haikumumunyika yote", kisha arudie kwa punje chache, kama gramu 0.1, katika mililita 5 za maji mapya. Kalsiamu kaboneti, hata kwa kiasi hicho, itaacha weupe unaotuama ukiiweka neli wima. Hapo "haimumunyiki" inakubalika darasani, japo kwa kipimo kikali kiasi kidogo mno huingia majini.

Kalsiamu salfeti haitoshei upande wowote, si wa "humumunyika" wala wa "haimumunyiki": mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 0.2. Andika "humumunyika kidogo".

Na tafadhali, unga uliobaki chini usiuite mashapo kwenye ripoti hii. Uite mabaki. Mashapo yaweke kwa kile kinachozaliwa mimumunyo miwili safi ikikutana, mfano ule weupe wa fedha kloridi unapomimina fedha naitreti kwenye maji ya chumvi.